Jinsi ya Kuchagua Vinili ya Stika Zinazodumu Mkononi: Simu, Pedi za Gemu na Mashine za Malipo

Kwenye banda la gemu la mtaani, pedi moja hupita mikononi mwa vijana kumi au kumi na watano kwa siku. Huyu ametoka kula chipsi, yule amejipaka mafuta ya nazi, wa tatu anavuja jasho kwa sababu amefungwa mabao mawili na muda unakwisha. Mwenye banda moja aliwahi kunipa kazi ya kubandika stika pedi zake nane, kila moja na rangi yake na namba yake, ili zisigombaniwe. Nikanunua vinili, ile plastiki nyembamba yenye gundi inayokatwa stika, niliyoambiwa dukani kuwa ni ya miaka mitano. Wiki ya tatu akaniita. Namba 3 na namba 8 zilikuwa zimefutika mpaka hazitofautiani, na kila stika ilikuwa imezungukwa na mstari mweusi wa uchafu kana kwamba mtu ameichora kwa wino.

Nikaanza kuuliza ile miaka mitano ilitoka wapi. Jibu limo kwenye karatasi za vipimo za watengenezaji wenyewe: miaka inayotajwa huhesabiwa kwa stika iliyobandikwa wima, nje, kwenye jua na mvua, na mara nyingi kwa hali ya hewa ya Ulaya ya kati. Ni miaka ya kibao cha duka. Kibao hakishikwi, hakiingizwi mfukoni pamoja na funguo, wala hakipanguswi kwa spiriti mara tano kwa siku. Kwa hiyo ukichagua vinili ya kifaa cha mkononi, usianze na swali la miaka. Anza na mkono.

Nitaeleza hapa namna ninavyochagua siku hizi, kuanzia kwenye kifaa chenyewe hadi siku ya kubandua.

Hatua ya 1: Isome stika iliyokufa

Kabla hujanunua chochote, tafuta kifaa cha aina ileile chenye stika iliyoharibika. Tazama kwa makini imeharibika wapi na vipi, maana kila uharibifu una chanzo chake.

Ukiona mstari mweusi kuzunguka kingo, vinili imenywea. Filamu, yaani ile plastiki yenyewe, imerudi ndani kidogo, gundi imebaki wazi, na gundi iliyo wazi inakamata vumbi. Ukiona kona zimenyanyuka lakini katikati kumeshika barabara, ama gundi haikupatana na plastiki ile, ama filamu ni ngumu mno kwa mkunjo wa pale. Rangi ikifutika mahali pa dole gumba tu, ilikuwa ni wino uliochapwa juu bila kufunikwa. Stika ikiwa imekakamaa na inakatika vipande ukiikwangua kwa ukucha, kilainishi chake kimekwisha.

Hiki kilainishi kinastahili maelezo, kwa sababu bila kukielewa utaendelea kununua kwa kubahatisha. Vinili ya stika ni PVC, plastiki ileile ya mabomba meupe na ya kijivu yanayopitisha maji nyumbani. Bomba ni gumu, ukiligonga linalia. Stika ni laini kwa sababu PVC yake imechanganywa na kemikali ya kuilainisha, ufundi ambao Mmarekani Waldo Semon aliugundua mwaka 1926 akiwa na kampuni ya B.F. Goodrich. Kilainishi hakijafungwa na PVC kwa pingu. Joto, mafuta na muda hukivuta nje, na kadiri kinavyotoka ndivyo stika inavyorudi kwenye ugumu wa bomba, ikinywea na kujikunja.

Hatua ya 2: Jua kifaa kimetengenezwa kwa plastiki gani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na ndipo watu wanapopita haraka kuliko kote. Mtu atatumia saa nzima kuchagua rangi, lakini hataulizia plastiki.

Gundi hushika vizuri pale uso unapokubali kuloweshwa nayo. Wanasayansi hupima hali hiyo kwa kipimo cha nishati ya uso, kwa daini kwa sentimita. Kioo na chuma viko juu sana, ndiyo maana stika yoyote hushika kwenye mgongo wa simu wa kioo. Plastiki ngumu za ABS na polikaboneti (PC) ziko katikati, kwenye 42 hivi. Polithini (PE) ina takribani 31, polipropilini (PP) 29, na Teflon ya kikaango ina 18. Chini ya 36 hivi, gundi ya kawaida huanza kukataa.

Utajuaje plastiki ya kifaa? Fungua kifuniko cha betri ukigeuze. Ndani yake mara nyingi kuna herufi ndogo zilizofinyangwa katikati ya alama mbili za mshale: >ABS<, >PC<, >PC+ABS< au >PP<. Rimoti nyingi, pedi za gemu, kalkuleta na mashine za kadi ni ABS au mchanganyiko wake na polikaboneti, na hizo ni rafiki. Ukikuta PP au PE, simama kwanza; utahitaji gundi maalumu, kama nitakavyoeleza.

Pasipo herufi, tumia tone la maji. Safisha uso kwa spiriti, uache ukauke, kisha dondosha tone moja. Likitandaa, gundi itatandaa pia. Likisimama kama shanga, kama linavyosimama juu ya jani la mgomba, tegemea shida.

Kuna nyuso mbili ambazo mimi huzikataa waziwazi, hata mteja akisisitiza. Ya kwanza ni kava za silikoni na zile laini za TPU, plastiki inayokunjika kama mpira, ambazo ndizo kava zinazouzwa kwa wingi kwenye meza za simu kuanzia Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Luthuli ya Nairobi. Silikoni haishiki karibu kitu chochote. TPU hushika siku mbili tatu, halafu kila kava inapokunjwa wakati wa kuivua, kona za stika zinaachia. Mteja wa namna hii mshauri abandike kwenye mgongo wa simu, kisha avae kava inayoonyesha juu yake. Stika itakaa miaka kwa sababu haiguswi. Uso wa pili ni ule wenye rangi ya kimpirampira, unaokuwa mororo ukiwa mpya na baada ya miaka michache unaanza kunata wenyewe. Gundi itashika ile rangi vizuri, lakini rangi yenyewe haijashika plastiki. Siku ya kubandua, utaondoka nayo.

Uso wenye vipele vidogo, kama wa chini ya pedi za gemu, unahitaji uangalifu wake. Gundi hugusa vilele vya vipele tu na mabonde yanabaki na hewa. Hapo filamu nyembamba inayolala na yenye gundi nene kidogo inashinda filamu nene inayoonekana imara.

Hatua ya 3: Chagua filamu, kasti au kalenda

Kuna njia kuu mbili za kutengeneza vinili, na tofauti yake ndiyo jambo la kwanza unalopaswa kuuliza dukani.

Ya kwanza ni kalenda. Donge la PVC lenye joto hupitishwa katikati ya rola nzito za moto, likabanwa na kuvutwa hadi likawa shuka jembamba, kama mtu anavyosukuma chapati. Na kama unga wa chapati uliosukumwa bila kupumzishwa, shuka hilo linakumbuka lilivyokuwa. Likipata joto linataka kurudi. Hapo ndipo mstari mweusi unapozaliwa.

Ya pili ni kasti. PVC ikiwa bado majimaji humwagwa juu ya karatasi laini ya kuundia, ikatandazwa na kukaushwa kwenye tanuri. Haikuvutwa, kwa hiyo haina pa kurudi. Inatoka nyembamba, kwenye maikroni 50 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja), inalala juu ya mkunjo bila kupigana nao, na inanywea kidogo mno. Kwa kulinganisha, kalenda za bei nafuu huwa na maikroni 75 hadi 100.

Ndani ya kalenda nako kuna daraja mbili. Kalenda ya monomeri ina kilainishi cha molekuli ndogo, ambazo hutoroka upesi. Hii ndiyo vinili ya bei ya chini kabisa, inayofaa matangazo ya msimu, na ndiyo niliyobandika kwenye zile pedi nane. Kalenda ya polimeri ina kilainishi cha molekuli ndefu zilizonasana, hazitoki kirahisi, na unene wake mara nyingi ni mdogo zaidi.

Nitoe mfano kwa jina ambalo wachapaji wengi wanalijua, Oracal, ya kampuni ya ORAFOL ya Ujerumani. Oracal 651 ni kalenda ya daraja la kati yenye gundi ya kudumu, na inakadiriwa miaka 6 hivi ikiwa nje. Oracal 951 ni kasti ya maikroni 50, inakadiriwa hadi miaka 10. Oracal 631 ni isiyong'aa, yenye gundi ya kuondoka, iliyokusudiwa kuta na maonyesho. Watu wengi huichukua 631 kwa ajili ya simu kwa sababu haing'ai na inapendeza, halafu wanashangaa ikibaki mfukoni. Gundi yake imetengenezwa iachie.

Uamuzi wangu ni huu. Uso bapa, kama mgongo wa simu, kalkuleta au ubavu wa mashine ya kadi: kalenda ya polimeri yenye gundi ya kudumu inatosha, na sioni sababu ya kumtoza mteja zaidi. Uso uliopinda pande mbili kwa wakati mmoja, kama mashavu ya pedi ya gemu au kona ya redio ya mlinzi: kasti, bila mjadala. Monomeri kwenye kifaa cha mkononi: kamwe.

Utasikia kwamba kasti ni ghali. Ni kweli kwa mita, lakini piga hesabu kwa stika. Mgongo wa simu ni kama sentimita 15 kwa 7. Kwenye mita moja ya rola la upana wa sentimita 61, ukiacha nafasi ya nusu sentimita kati ya stika na stika, zinaingia 8 kwa upana na 6 kwa urefu, yaani 48. Gawa tofauti ya bei ya mita kwa 48, kisha ulinganishe na nauli utakayolipa kurudi kwa mteja kubandua kazi iliyoharibika. Kwa namba ndogo za pedi, mita moja inatoa mamia.

Hatua ya 4: Chagua gundi

Filamu nzuri juu ya gundi isiyofaa ni hasara mara mbili. Uliza mambo mawili.

Kwanza, ni ya kudumu au ya kuondoka? Kwa kifaa cha mkononi chukua ya kudumu. Usiogope kwamba haitatoka; kwa joto kidogo itatoka.

Pili, ni akriliki ya kiyeyushi, yaani kimiminika cha jamii ya thina, au ya maji? Gundi ya akriliki iliyotengenezwa kwa kiyeyushi inastahimili unyevu vizuri. Ile ya maji ni ya bei nafuu, na ikikaa kwenye unyevu muda mrefu hufanya weupe na kulegea. Jasho ni maji ya chumvi, na kiganja cha mtu anayecheza gemu Tanga au Mombasa mwezi Machi ni unyevu mfululizo. Karatasi ya vipimo itakuambia ni ipi.

Kwa plastiki za PP na PE, tafuta vinili iliyoandikwa kuwa ni ya nyuso zenye nishati ndogo, au ya mnato wa juu. Zipo, hutumika kwenye matangi ya maji, ndoo na mashine za bustani. Zina gundi nyingi na laini zaidi. Ubaya wake ni kwamba ukiikosea kuilenga, haikubali kunyanyuliwa na kuwekwa upya.

Kuna pia gundi zenye vijia vidogo vya kutolea hewa, zilizobuniwa kwa kufunika magari. Kwa kufunika mgongo mzima wa simu zinasaidia. Kwa namba ya sentimita mbili sizitumii. Hewa ya eneo dogo hivyo inatoka kwa dole gumba, na napenda gundi iguse kote tangu dakika ya kwanza.

Hatua ya 5: Rangi iwe ndani ya filamu, ama iwe chini ya kifuniko

Hili ndilo lililonifutia namba 3 na 8. Ukikata herufi kutoka kwenye vinili ya rangi, rangi imo ndani ya plastiki yenyewe, juu hadi chini. Isugue mwaka mzima, nyekundu itabaki nyekundu. Ukichapa kwa printa, wino unakaa juu kama vumbi lililokauka, na kidole kitaufikia.

Kwa hiyo namba, majina, alama za tawi na maneno ya “mali ya fulani” yakate kutoka vinili ya rangi moja. Picha na rangi nyingi ndizo zichapwe, na zikichapwa lazima zifunikwe kwa laminesheni, yaani filamu angavu inayobandikwa juu ya chapa. Wino wa kiyeyushi unahitaji kupumua kabla ya kufunikwa. Acha chapa wazi angalau saa 24, usiiache imeviringwa. Ukiifunika mapema, viyeyushi vinanaswa chini, vinalainisha gundi, na stika itajikunja hata kama vinili ni bora.

Laminesheni ilingane na filamu ya chini, kasti juu ya kasti. Nimeona kazi nzuri ya kasti iliyofunikwa kwa laminesheni ya kalenda: ile ya juu ilinywea, ikaivuta ya chini, na kingo zote zikainuka kama ukucha.

Ing'ae au ising'ae? Inayong'aa huonyesha mikwaruzo. Isiyong'aa huanza kung'aa mahali pa dole gumba baada ya miezi. Kwenye pedi na mashine za malipo mimi huchukua yenye mparuzo kidogo, kwa sababu inaficha yote mawili.

Epuka filamu za rangi ya kromu na dhahabu ya kioo kwenye migongo ya simu. Nyingi zina tabaka la chuma, na chuma kati ya simu na chaja isiyo na waya, au kati ya simu na mashine ya kugusisha kadi, huleta usumbufu. Vinili yenye mchoro wa kaboni haina tatizo hilo; ni plastiki tu yenye mistari.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya kununua rola zima

Ukiwa na namba ya bidhaa, omba karatasi ya vipimo na usome mambo manne: aina ya filamu, unene, aina ya gundi na kiwango cha kunywea. Uliza pia rola limekaa dukani muda gani. Watengenezaji kwa kawaida huhesabu miaka 2 ya kuhifadhi, kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi. Rola lililosimama miaka mitatu chini ya bati la moto si lile lililotoka kiwandani, hata jina likiwa halisi.

Mara nyingi, hata hivyo, utauziwa kipande kisicho na jina. Nunua nusu mita tu, ukaifanyie majaribio haya. Hayahitaji maabara.

Jaribio la msalaba: bandika kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwenye kioo au bati safi. Kwa wembe mkali, kata msalaba katikati, uchane filamu hadi chini. Weka juani kwa wiki moja, ndani ya gari lililofungwa ni bora zaidi. Kisha tazama pengo la msalaba. Kasti itaonyesha ufa mwembamba kama unywele. Monomeri itafunguka hadi uone gundi.

Jaribio la kalamu: kata ukanda wa sentimita 1, uzungushie kalamu ya plastiki ngumu mpaka ncha zikutane bila kupandana. Iache usiku kucha. Ncha zikiwa zimejinyanyua asubuhi, filamu ni ngumu mno kwa pedi ya gemu.

Jaribio la mkono ndilo ninaloliamini kuliko yote. Bandika vipande vinne kwenye kipande cha plastiki ileile ya kifaa. Cha kwanza kisugue kwa maji ya chumvi, cha pili kwa mafuta ya nazi, cha tatu kwa spiriti au kitakasa mikono, cha nne kwa dawa ya kujipaka ya mbu yenye DEET. Sugua kwa kitambaa asubuhi na jioni kwa siku saba. DEET ni adui mkubwa ambaye watu hawamjui: inalainisha na kuyeyusha plastiki nyingi, vinili ikiwemo. Mlinzi wa usiku anajipaka, anashika redio, na kufikia mwisho wa mwezi stika ya redio inateleza kama imepakwa mafuta. Hakuna vinili niliyoiona inaishinda kabisa. Kasti yenye laminesheni inavumilia zaidi, na kingine ni kuweka stika mahali ambapo kiganja hakifiki.

Hatua ya 7: Umbo na mkato

Vinili bora ikikatwa vibaya itanyanyuka. Kona kali ndiyo mlango wa kidole, kwa hiyo zungusha kila kona, angalau milimita 1.5 ya nusu kipenyo, na zaidi kama nafasi ipo. Acha milimita 1 kati ya stika na ukingo wa kifaa. Stika inayofika mwisho kabisa wa mgongo wa simu itakwanguliwa na mfuko kila inapoingia na kutoka. Usiweke tabaka mbili za vinili kama moja inatosha, maana kila tabaka ni ukingo mwingine wa kushikwa.

Kwenye plota, mashine ya kukatia stika, kisu cha nyuzi 45 kinafaa filamu hizi nyembamba. Kikate vinili na kukwaruza kidogo tu karatasi ya nyuma. Kisu butu huvuta filamu badala ya kuikata na kuacha kingo zenye nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazoanza kukusanya uchafu. Jaribu kwanza mraba mdogo. Ukinyanyuka wenyewe kwa kibano bila kuburuta jirani yake, endelea.

Usizibe matundu ya spika, ya maikrofoni wala ya kupoza. Pedi na simu vinapata joto. Njia za hewa si mahali pa urembo.

Hatua ya 8: Kubandika

Ondoa mafuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo na maji machache, kifaa kikiwa kimezimwa. Kausha. Kisha pangusa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 na kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti yenye rangi ya zambarau inaacha rangi yake, tafuta isiyo na rangi. Asetoni na thina usizisogeze. Asetoni inayeyusha ABS na kutia ukungu polikaboneti.

Bandika kavu. Njia ya kunyunyizia maji ya sabuni ni ya vioo vya madirisha, haifai kitu chenye betri. Tumia tepu ya kuhamishia, ile inayobeba stika kutoka kwenye karatasi yake ya nyuma, anza upande mmoja, na ubonyeze kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa kuelekea nje. Kwenye mkunjo, joto kidogo la mashine ya kukaushia nywele husaidia kasti kulala. Mafundi wa magari hupasha filamu hadi nyuzi 90 na zaidi ili isahau kuvutwa, lakini gari halina betri ya lithiamu nyuma ya bati lake. Apple, kwa mfano, wanataka iPhone isihifadhiwe mahali panapozidi nyuzi 45. Kwa simu, pasha stika ikiwa bado mkononi mwako, au pitisha hewa ya uvuguvugu kwa sekunde chache tu. Afadhali ubuni umbo lisilohitaji kuvutwa.

Kisha kifaa kipumzike. Gundi inayobonyezwa hupata sehemu kubwa ya nguvu yake ndani ya saa 24 na huendelea kukaza hadi saa 72. Zile pedi nane nilipozirudia kwa kasti ya rangi, nilimwomba mwenye banda anipe Jumatatu, siku yake ya wateja wachache, na azirudishe mchezoni Jumanne jioni. Alilalamika, akakubali.

Siku ya kubandua

Pasha stika kidogo, nyanyua kona moja kwa ukucha au kadi, kisha vuta polepole ukiilaza nyuma karibu na uso, usiivute kwenda juu. Ikianza kukatika, pasha tena. Gundi iliyobaki isugue kwa tone la mafuta ya kupikia, iache dakika tano, ifute, kisha umalizie kwa alkoholi, la sivyo stika mpya itabandikwa juu ya mafuta. Simu yenye rangi iliyopakwa tena mtaani ijaribu kwanza pembeni pasipoonekana, na mwenye simu aambiwe mapema kwamba rangi hiyo huenda ikatoka na stika.